Uvunguni kuna nini?

Televisheni ya chogo ni mgeni asiyeaga. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, yenyewe ilinusurika kwa msaada wa king'amuzi. Kilichoishinda ni televisheni bapa. Ikashushwa mezani, ikafunikwa kitambaa, ikasogezwa kando ya kabati, na katika nyumba nyingi za Magomeni, Temeke na Buguruni bado ipo hapo hapo. Juu yake kuna pasi ya mkaa. Juu ya pasi yamelala mabegi mawili ya shangazi kaja, yamejaa nguo zisizomtosha mtu yeyote nyumbani. Ukiuliza, utaambiwa: itafaa siku moja.

Wala jibu hilo si la kipuuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, UCLA, walizichunguza nyumba za familia 32 za tabaka la kati jijini Los Angeles. Walikuta gereji nyingi zimesheheni vitu, magari yanalala nje. Makorokoro ya Los Angeles yameletwa na kununua bila kikomo. Ya kwetu yameletwa na hofu ya kukosa. Mtu aliyepanga foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 hatupi kifuniko eti kwa sababu sufuria yake imetoboka. Ndoo iliyopasuka hupandwa mchicha, shuka kuukuu hugeuka nepi, kisha dekio. Ndiyo maana ule ushauri wa kwenye vitabu vya kupanga nyumba, kwamba usichokitumia kitupe, huku uswahilini haufiki mbali, na sioni kwa nini ufike. Mimi wingi wa vitu haunitishi sana. Kinachonitisha ni mahali vinapokaa.

Nyumba ya Kiswahili ina vyumba vinne au sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Kila chumba na mpangaji wake, pengine na wanawe watatu. Stoo hakuna, kwa hiyo uvungu wa kitanda ndio stoo. Humo mtakuta begi, viatu vya shule vya mwaka juzi, feni iliyovunjika shingo, gunia la mahindi kutoka kijijini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini kwa miezi hakuna anayekitaka, kwa hiyo hakuna anayeinama wala ufagio unaofika.

Hapo ndipo afya inapoingia. Vumbi la uvunguni si mchanga wa barabarani tu. Lina nyuzi za nguo, magamba ya ngozi zetu na wadudu wanaoyala: utitiri wa vumbi, mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Utitiri huu hauishi bila unyevunyevu, na pwani yetu, kuanzia Mtwara hadi Lamu, ina unyevunyevu wa kuugawa. Mdudu mwenyewe haumi. Shida ni kinyesi chake, ambacho kikikauka hupeperuka na kuvutwa puani. Kwa mwenye pumu hicho ni kichocheo kikubwa. Kinyesi cha mende na maganda yake nayo ni hivyo hivyo. Kuna watoto wanaokohoa kila usiku, wananyweshwa dawa ya kikohozi chupa baada ya chupa, na wamelala juu ya chanzo. Bibi zetu waliotoa godoro juani kila baada ya muda hawakuwahi kusikia habari za utitiri, lakini joto na ukavu vilifanya kazi yake.

Gunia la mahindi lina kesi yake. Wilayani Lushoto, mkoani Tanga, ugonjwa wa tauni ulizuka mwaka 1980 na ukawa unarudi kwa zaidi ya miaka 20. Tauni huenezwa na viroboto wa panya, na panya hufuata nafaka. Anayehifadhi chakula chumba kile kile anamolala amemwandalia panya karamu na malazi.

Tutoke nje, twende uani. Nyuma ya choo kuna tairi, kopo la rangi, sufuria iliyotoboka ubavuni na dumu lililokatwa shingo. Mvua ikinyesha, kila kimoja hubeba maji yake. Inama juu ya ile sufuria. Kivuli chako kikigusa maji, vijidudu vilivyokuwa vikining'inia juu vinajinyonganyonga na kuzama chini. Hao ni viluilui, na kwenye vyombo vya namna hii mara nyingi ni wa mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi. Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2014, ikaugua tena 2019, na safari hiyo wagonjwa walikuwa maelfu. Wengi wetu tulikimbilia chandarua, ambacho kwa mbu wa mchana hakisaidii sana.

Na kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: kumwaga maji hakutoshi. Mbu huyu hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Maji yakikauka, mayai hubaki yameganda pale na huweza kuhimili ukavu kwa miezi. Mvua inayofuata huyaamsha, na katika muda wa wiki moja hivi au siku kumi mbu wapya wanaruka. Chombo kisuguliwe kwa brashi, au kifunikwe, au kiondoke. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziligeuzwa kuwa siku ya usafi kwa sababu ya kipindupindu, na baadaye tukazoea usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mitaro ya barabarani ikazibuliwa kweli. Tairi la nyuma ya choo, kwa kuwa mwenyekiti wa mtaa halioni, likabaki na maji yake.

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda sitayazungumza sana, maana kila mtu anayajua na bado yapo. Mtoto wa miaka miwili hasomi harufu. Anaona chupa ya soda. Akinywa, asitapishwe, kwa sababu mafuta yakipanda tena yanaweza kuingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Akimbizwe hospitali.

Kuhusu akili na moyo, kuna utafiti mmoja wa Darby Saxbe na Rena Repetti, waliozifanyia kazi baadhi ya zile familia za Los Angeles, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwaomba wanandoa wazungushe kamera ndani ya nyumba zao huku wakieleza wanachokiona, kisha wakapima mate yao kuangalia kotisoli, homoni ya msongo, ambayo kwa kawaida huwa juu asubuhi na kushuka kuelekea jioni. Kwa wanawake waliozieleza nyumba zao kuwa ni vurugu na kazi zisizoisha, homoni haikushuka ipasavyo. Kwa waume zao hali haikuwa hivyo. Utafiti huo hauthibitishi kwamba lundo ndilo linaloleta huzuni. Mwenye huzuni naye hushindwa kupanga. Lakini hebu angalia nyumbani kwako: redio mbovu, injini ya pikipiki na waya za umeme ni mali ya nani? Na anayevifuta vumbi, akivihamisha ili adeki na kuvirudisha, ni nani? Baba akisema "kisiguswe", anatoa amri kwa mtu anayekigusa kila siku.

Kwa baadhi ya watu kulimbikiza ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linautambua katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022: mtu hushindwa kuachana na vitu hata visivyo na thamani, mpaka vyumba havifai tena kukalika, na akiondolewa huumia kwelikweli. Huyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Kumvizia akiwa msibani mkapakia vyote kwenye guta ni kumwongezea jeraha, na nyumba itajaa tena.

Wazee wengi hawana ugonjwa huo. Wana kumbukumbu tu. Kanzu ya marehemu mume wa bibi si makorokoro, iacheni. Mwambieni, "Bibi, tunaomba ruhusa tusafishe njia," na muanze na njia ya kutoka kitandani hadi chooni, ile anayoipita usiku umeme ukiwa umekatika. Ndoo, stuli na mkeka uliokunjwa viondoke hapo, maana nyonga iliyovunjika uzeeni huweza kumlaza mtu moja kwa moja. Kisha mlango, hasa kama madirisha yana nondo, kwa sababu moto ukizuka hakuna pengine pa kutokea. Kabati la vyombo vya wageni linaweza kusubiri mpaka Idi.