Mintarafu ya Kuunganisha Majedwali ya Sensa za Upare

Atakaye kujua watu wa Same walivyoongezeka tangu Uhuru hapati jawabu katika faili moja, kwa kuwa sensa za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 kila moja ina majedwali yake, na kazi ya kuyakusanya pamoja aghalabu hufanywa siku hizi kwa lugha ya R, iliyoasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, Nyuzilandi.

Kuyabandika majedwali moja chini ya jingine ni jambo jepesi: amri ya rbind hutosha, maadamu safu zina majina yaleyale, na mwenye hadhari hutia kwanza safu ya mwaka katika kila faili.

Taabu huja tunapoyaoanisha ubavu kwa ubavu kwa jina la wilaya, kwani amri ya merge, isipoagizwa vingine, hubakisha tu mistari ambayo jina lake limo katika majedwali yote mawili, na iliyosalia huitupa bila ya kunena neno. Mwaka 1967 Upare mzima, tangu Usangi na Ugweno hadi Gonja na Mbaga, ulihesabiwa kuwa wilaya moja ya Pare. Ilipofika 1988 wilaya hiyo ilikwisha gawanywa, kaskazini ikawa Mwanga na kusini ikawa Same. Basi ukioanisha 1967 na 2012, Pare hutoweka, na Same na Mwanga nazo hutoweka, ilhali jedwali litokalo ni safi machoni, halina pengo la kumshtua yeyote. Naliona hili kuwa hatari kuliko kompyuta kuikataa kazi; kwa hiyo andika all = TRUE, wilaya zilizokosa mwenzi zibaki, na alama ya NA ionekane mahali palipo patupu.

Kisha tengeneza jedwali dogo la tatu, linalosema kuwa Same ni Pare na Mwanga ni Pare, ujumlishe: mwaka 2012 Same ilikuwa na watu 269,807 na Mwanga 131,442, yaani 401,249, na hiyo ndiyo hesabu iwezayo kusimama kando ya ile ya 1967.

Anayeitaka Same peke yake hana budi kushuka hadi majedwali ya maeneo madogo ya wakati ule. Wako wanaoigawa Pare ya zamani kwa uwiano wa leo. Siwaungi mkono, kwa sababu kufanya hivyo ni kukadiria kuwa pande mbili zimekua sawia, na hilo ndilo hasa lililotakiwa kupimwa.