Komoro: Mafuta ya langilangi yanavyokula msitu na maji

KOMORO ni nchi ndogo ya visiwa kati ya Msumbiji na Madagaska. Visiwa vyake vitatu, Ngazidja, Nzwani na Mwali, havifiki kilomita za mraba 2,000. Mazao yake makuu ya kuuza nje ni matatu: karafuu, vanila na langilangi, ua linalotoa mafuta ya manukato.

Maua hayo huchumwa asubuhi mapema na kukamuliwa kwa mvuke kwa saa nyingi. Kisiwani Nzwani, moto wa mitambo hiyo kwa kawaida ni wa kuni.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Mwenye mtambo hulipia maua, vibarua na kuni, lakini halipii mto unaokauka. Misitu ya milimani imefyekwa kwa ajili ya kuni, mbao na mashamba. Mito mingi ya Nzwani iliyotiririka mwaka mzima sasa hupata maji wakati wa mvua tu. Anayelipa gharama ni mkulima wa ndizi na mboga aliyeko chini ya mlima. Hata popo mkubwa wa Livingstone, anayepatikana Nzwani na Mwali pekee, amepoteza miti yake.

Dawa si kuacha langilangi, kwani familia nyingi huishi kwa zao hilo. Majiko bora hupunguza kuni, na kila mwenye mtambo anaweza kuwa na shamba lake la miti. Mkulima yeyote anayekausha au kukamua zao kwa kuni aanze kuihesabu miti pamoja na mtaji.