Breki zinaposhika zenyewe Rungwe

Kutoka Tukuyu hadi Kyela barabara inashuka karibu mita 1,000. Breki iliyoshika hujitangaza huko huko mteremkoni: gurudumu linanuka, gari linavuta upande, na ukisimama rimu haishikiki kwa joto. Gereji nyingi huanza kwa kubadilisha pedi. Usikubali haraka, maana pedi mpya kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) iliyoganda zitaungua vile vile.

Adui mkubwa hapa ni unyevu. Miteremko ya kusini ya Mlima Rungwe hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kalipa nyingi za magari madogo hutembea juu ya pini zilizofunikwa raba. Raba ikichanika, maji na tope huingia, pini hushika kutu, na pedi hubaki zimebana diski hata ukiachia pedeli. Kebo ya hendibreki nayo huganda hivyo hivyo.

Mafuta ya breki pia hunyonya unyevu, pistoni ikaota kutu kwa ndani. Yabadilishwe walau kila miaka miwili. Lakini kosa baya kuliko yote ni kuongezea oili ya injini kwenye mafuta ya breki: raba zote huvimba na magurudumu yote hushika. Hapo ni kusafisha mfumo mzima na kuweka raba mpya, hakuna njia ya mkato.

Kinachosahaulika zaidi ni paipu ya mpira inayofika gurudumuni. Kwa nje ni nzima, kwa ndani imebomoka. Mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, ila hayarudi.

Mwambie fundi apige jeki na kulegeza nipo (skrubu ya kutolea mafuta ya breki) ya gurudumu lililoshika. Mafuta yakiruka na gurudumu likazunguka, mgandamizo ulinaswa: ni paipu au masta silinda. Lisipozunguka, kagua pistoni, pini na kebo.

Malori ya breki za upepo yaendayo mpakani Kasumulu ni habari nyingine: upepo ukivuja, springi hufunga breki kwa makusudi, ili lori lisikimbie. Tafuta panapovuja.

Na diski iliyowaka isimwagiwe maji, inaweza kupasuka. Egesha pasipo mteremko, weka jiwe gurudumuni, hendibreki iache chini mpaka diski ipoe.