Ukomo wa Viti Maalumu Hautampeleka Mwanamke Jimboni

Kila uchaguzi mkuu wa Tanzania unapokaribia, swali hurudi lile lile: kwa nini mbunge wa viti maalumu asiwekewe ukomo wa vipindi viwili, kisha akagombee jimboni? Wanaouliza huchukulia kiti maalumu kuwa darasa ambalo mwanafunzi asipotolewa hahitimu. Imani hiyo haina msingi, na imelelewa muda mrefu mno.

Jibu limo katika Ibara ya 78 ya Katiba. Chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge hupeleka kwa Tume ya Uchaguzi orodha ya wanawake kwa kipaumbele, na Tume hugawa viti kwa uwiano wa kura. Jina la mwanamke huyo halimo kwenye karatasi yoyote anayopewa mwananchi kituoni. Kinachoamua awe wa 3 au wa 30 ni chama chake, kwa hiyo miaka mitano yote atawaangalia wanaopanga orodha. Jimbo hana. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo haumhusu. Akichangia mabati ya zahanati katika kata fulani, mbunge wa jimbo huona anapimiwa kaburi. Hata uwaziri mkuu hawezi kuteuliwa, kwa mujibu wa Ibara ya 51.

Ukomo haugusi lolote kati ya hayo. Unaondoa jina moja kwenye orodha na kuingiza jingine, huku utaratibu ukibaki ule ule. Anayetoka baada ya miaka 10 hana wapiga kura wa kurudi kwao, na kwenye kura za maoni za chama ataambiwa wanawake wana viti vyao.

Mumbai, nchini India, theluthi ya kata zilitengwa kwa wanawake kwa bahati nasibu. Kata zilizotengwa mwaka 1997 zilipofunguliwa kwa wote mwaka 2002, uwezekano wa mwanamke kushinda humo ulikuwa takribani mara 5 ya ule wa kata ambazo hazikuwa zimetengwa. Ulinzi uliondolewa na wanawake wakabaki, kwa sababu diwani wa Mumbai alipigiwa kura na wakazi wa kata yake, akawatumikia, na vyama vikaona mwanamke anashinda.

Njia zipo. Kenya, tangu Katiba ya 2010, kila moja ya kaunti 47 huchagua mwakilishi mwanamke kwa kura ya wote, ingawa kampeni ya kaunti nzima ni ghali. Uganda hufanya hivyo kwa wilaya. Rwanda hutenga viti 24 kati ya 80, lakini wapiga kura wake ni wajumbe wa mabaraza, hivyo kasoro ya kutowajibika kwa wananchi haiishi. Sheria pia inaweza kuvilazimisha vyama kusimamisha wanawake majimboni kwa kiwango maalumu. Kiti kikishapata wapiga kura, eneo na fedha za kulihudumia, ndipo ukomo utakapokuwa na maana. Kabla ya hapo ni adhabu kwa mwanamke aliyeingia kwa mlango pekee aliofunguliwa.