Kuchagua Gobore la Kuwindia Elki

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni: baruti hutangulia, risasi hufuata, na mdeki huisukuma risasi hadi ikae juu ya baruti. Wasomaji wetu waliotoka Tanzania, Kongo na nchi jirani wanaifahamu silaha hii kwa jina hilo hilo. Hapa Colorado gobore lina msimu wake wa kuwinda elki, nalo huuzwa madukani kwa mitindo mingi na bei zinazotofautiana sana. Makala haya yanaeleza namna ya kulichagua ili mnunuzi asipoteze fedha, leseni wala kiungo cha mwili.

Ushauri wetu mkuu ni huu: soma kanuni za msimu kabla ya kutazama bei. Gobore lililo halali kuuzwa dukani laweza kuwa haramu porini, na muuzaji huenda asikuulize unakusudia kuwinda wapi na lini.

Kanuni zinataka nini

Elki ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Dume aliyekomaa aweza kufikia kilo 300 na zaidi. Kwa sababu hiyo Colorado inataka gobore la kumwindia liwe na kasiba yenye kipenyo kisichopungua inchi 0.50, yaani milimita 12.7. Gobore dogo zaidi huruhusiwa kwa kulungu wa kawaida, lakini halitoshi kwa elki. Kwa kipenyo hicho cha 0.50, risasi isipungue greni 170, karibu gramu 11. Risasi iwe ya mviringo au ya mchongoko, na urefu wake usizidi mara mbili ya kipenyo chake.

Katika msimu wa gobore kuna makatazo mengine ambayo mnunuzi mgeni hukutana nayo akiwa amekwisha kulipa. Darubini hairuhusiwi, mwindaji hulenga kwa alama za wazi zilizo juu ya kasiba. Baruti iliyogandishwa kuwa vidonge hairuhusiwi. Itumike baruti ya chembechembe, inayopimwa na kumiminwa. Saboti, yaani kikombe cha plastiki kinachoizunguka risasi ndogo ili ienee katika kasiba kubwa, nayo hairuhusiwi. Baruti isiyo na moshi imepigwa marufuku, pamoja na vifaa vya betri au vya kielektroniki vilivyofungwa kwenye bunduki. Vifurushi vinavyouzwa vikiwa na gobore, darubini, vidonge na saboti pamoja humpa mnunuzi wa hapa vitu vitatu asivyoweza kuvitumia katika msimu huo.

Majimbo hayafanani. Idaho, kwa mfano, hairuhusu fataki za aina ya 209 katika misimu yake iliyotengewa magobore pekee, ilhali Colorado inaziruhusu. Anayetarajia kuwinda katika majimbo mawili anunue silaha inayokubalika katika yote mawili. Kanuni hutolewa upya kila mwaka na Colorado Parks and Wildlife. Tumia kijitabu cha mwaka utakaowinda.

Mitindo mitatu

Mtindo wa kwanza ni gumegume, ambalo jiwe hugonga chuma na kutoa cheche. Ni silaha ya heshima, lakini baruti ya kuwashia hukaa karibu wazi, na mvua au theluji huweza kuilowesha. Anayeanza atahitaji mazoezi mengi kulimudu.

Mtindo wa pili hutumia fataki ndogo inayovikwa juu ya chuchu iliyo ubavuni mwa kasiba na kugongwa na nyundo. Huvumilia unyevu kuliko gumegume, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi.

Mtindo wa tatu, ulioenea zaidi madukani leo, huiweka fataki nyuma ya kasiba, katika mstari mmoja na baruti. Huwaka kwa uhakika, na aghalabu sehemu yake ya nyuma hufunguka ili kasiba isafishwe kutoka upande huo. Colorado inauruhusu, maadamu baruti na risasi vinaingizwa kwa mdomoni.

Michirizi ya ndani

Ndani ya kasiba mna michirizi inayoizungusha risasi ili iende sawa. Hili ndilo swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: michirizi hiyo hukamilisha mzunguko mmoja katika inchi ngapi? Mzunguko wa taratibu, kama mmoja kwa inchi 66, huifaa risasi ya mviringo iliyofungwa kitambaa. Mzunguko wa haraka, kama mmoja kwa inchi 28, huifaa risasi ya mchongoko. Risasi ya mviringo ni nyepesi na hupoteza kasi upesi. Ya mchongoko ni nzito na hupenya zaidi. Kwa kuwa saboti imekatazwa, tunawashauri wengi wachague kasiba ya mzunguko wa haraka na risasi nzito ya mchongoko inayoenea kasiba yenyewe.

Matangazo husifu masafa ya mbali. Bila darubini, wawindaji wengi wenye uzoefu hujiwekea mpaka wa yadi 100, karibu mita 90, au chini ya hapo. Masafa yako halisi ni yale unayoweza kupiga shabaha ya ukubwa wa sahani mara kwa mara, ukiwa katika mikao utakayoitumia porini. Gobore hutoa risasi moja, na kulishindilia tena huchukua muda. Elki aliyejeruhiwa vibaya huweza kukimbia mbali na kufa bila kupatikana.

Baruti iuayo mpigaji

Gobore la kawaida limetengenezwa kwa baruti nyeusi au mbadala wake ulioidhinishwa na kiwanda. Baruti isiyo na moshi huzalisha shinikizo kubwa zaidi, na kasiba huweza kupasuka mikononi mwa mpigaji. Usinunue baruti iliyohamishiwa katika chombo kisicho na lebo. Mbadala wa baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, kwa kipimo maalumu, wala si kwa mizani. Kamwe usizidi kiwango kilichoandikwa na kiwanda katika maelekezo ya silaha hiyo.

Ukinunua lililotumika

Kwanza hakikisha halina kitu ndani. Bila fataki, ingiza mdeki hadi ukwame, utie alama usawa wa mdomo wa kasiba, kisha uutoe na kuupima kwa nje. Ukiishia mbali na tundu la kuwashia, huenda baruti na risasi ya mwenye awali bado zimo. Mpelekee fundi wa bunduki, usijaribu kulifyatua.

Pitisha kitambaa cheupe ndani ya kasiba: kutu nyekundu na mikwaruzo ni dalili ya uzembe. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kula chuma, hivyo silaha isafishwe siku ile ile ilipotumiwa, ikaushwe na kupakwa mafuta. Omba maelekezo ya kiwanda na risiti yenye namba ya silaha, ikiwapo.

Sheria ya umiliki na safari

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 huyaweka magobore mengi katika kundi la silaha za kale, na kwa hiyo wauzaji wengi hawafanyi uchunguzi wa mnunuzi. Ulegevu huo usikudanganye. Sheria ya jimbo huweza kuwa kali zaidi, na kwa asiye raia kosa la silaha huweza kugusa hadhi yake ya uhamiaji. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa amwone mwanasheria kabla ya kununua.

Ndani ya gari, fataki iondolewe kwenye gobore, au baruti iondolewe kwenye kisahani cha gumegume. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye sharti awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Leseni za elki za msimu huu hutolewa kwa droo, na maombi hufungwa mapema mwezi Aprili. Tunashauri kusubiri matokeo ya droo kabla ya kununua: msimu huwa Septemba, na miezi iliyobaki yatosha kuchagua silaha, kuijaribu na kuizoea.