DAWA YA JOTO LA KOMPYUTA NI UPEPO

Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Kwa upande wa kompyuta, ndugu msomaji, naomba ruhusa ya kuwapinga kidogo: dawa ya moto wake ni upepo. Jambo hili linatuhusu sote tunaoingia chumba cha kompyuta cha shule yetu, na hasa kaka na dada zetu wa Kidato cha Nne, ambao mradi wao wa somo la Kompyuta huhesabiwa katika mtihani wa KCSE.

Muhula wa kwanza mashine kadhaa zilianza kuzimika zenyewe mwendo wa saa nane mchana, mabati yakishashika moto. Mtu anaandika vizuri, mara skrini inakuwa nyeusi tititi, na kazi ambayo hajaihifadhi imekwenda na maji. Wengine walisema eti ni virusi, wengine eti stima haina nguvu. Kumbe ni joto!

Ndani ya kasha la kompyuta mna kifaa kiitwacho prosesa. Hicho ndicho ubongo wa mashine. Umeme wote unaoingia humo hatimaye hugeuka kuwa joto. Zamani joto hilo lilikuwa dogo. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilitumia kama wati 1 tu. Pentium ya kwanza, iliyotoka mwaka 1993, ilitumia karibu wati 15. Siku hizi prosesa nyingi za kompyuta za mezani hukadiriwa wati 65, na Core i9-13900K ya mwaka 2022 yaweza kufika wati 253 ikikazana. Hebu fikiri: balbu ya kizamani ya wati 60 huwezi kuishika kwa mkono, sembuse wati 65 zilizosongamana katika kijipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba! Prosesa nyingi za leo zikikaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe, na zikizidi hapo huzima mashine ili zisiungue. Kwa hivyo kompyuta inayojizima si kwamba ina kiburi. Inajiokoa.

Juu ya prosesa hukaa kipande cha alumini au shaba nyekundu chenye mapezi mengi membamba yaliyopangwa kama meno ya kitana. Wacha nikiite kipoza joto. Kazi yake si kutengeneza baridi, la hasha. Kazi yake ni kulichukua joto kutoka mahali padogo na kulitandaza mahali papana ambapo hewa italifikia. Shaba nyekundu hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo sababu kati ya prosesa na kipoza joto hupakwa krimu nyembamba ya kupitisha joto, ili ifukuze hewa inayojificha kwenye mikwaruzo. Joto likishafika kwenye mapezi, hewa iliyotulia hapo huyafunika kama blanketi. Feni ndiyo inayolivuta blanketi hilo na kuleta hewa mpya.

Sasa tuje kwenye hesabu, na usinikimbie. Sisi wa Kidato cha Tatu tunajua kwamba kilo 1 ya hewa huhitaji karibu jouli 1,005 ili ipande nyuzi 1. Prosesa ya wati 65 hutoa jouli 65 kila sekunde. Tukitaka hewa inayopita ipande nyuzi 10 tu, tunagawa 65 kwa 10,050 na kupata kilo 0.0065, yaani gramu 6.5 za hewa kila sekunde. Kule Mombasa lita 1 ya hewa ina gramu 1.2 hivi, kwa hivyo zatakikana lita 5.4. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 na hewa yake ni nyepesi, lita moja ikiwa na gramu 1 hivi, kwa hivyo zatakikana lita 6.5. Mtu wa Nairobi ana hewa yenye ubaridi, lakini feni yake yapaswa kusukuma lita nyingi zaidi. Kila mahali na yake!

Je, ukiongeza feni joto litapungua? Ndiyo, lakini kwa masharti.

Kwanza, hewa lazima iwe na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Feni ya prosesa ikiwa peke yake ndani ya kasha lililofungwa, itazungusha hewa ile ile ya moto kama mwiko ndani ya sufuria. Feni ya ziada ya kwanza iwekwe nyuma ya kasha, karibu na prosesa, itoe hewa nje. Ya pili iwekwe mbele, chini, iingize hewa ya chumba.

Pili, angalia upande. Feni nyingi hutoa upepo upande ule wenye vyuma au plastiki zinazoshikilia mota. Nyingine zina mshale ubavuni. Ukiwa na shaka, sogeza kipande cha karatasi ya shashi uone kama kinavutwa au kinasukumwa. Feni mbili zinazopuliziana usoni ni kama fahali wawili katika zizi moja: kazi haifanyiki.

Tatu, kipoza joto kirefu chaweza kubeba feni mbili, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, zote zikielekea upande mmoja. Usitarajie faida mara mbili. Feni ya pili husaidia hewa kupenya mapezi yaliyobanana, lakini nyuzi zinazopungua huwa chache tu.

Nne, feni kubwa ya milimita 120 huhamisha hewa nyingi ikizunguka polepole. Ile ndogo ya milimita 80 yalazimika kukimbia, nayo hupiga kelele kama nyuki.

Tano, hakuna feni iwezayo kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa tanuri, fungua madirisha kwanza.

Mimi na wenzangu wawili wa chama, tukisimamiwa na mwalimu wa Kompyuta, tuliijaribu mashine moja. Ilipokuwa ikifanya kazi nzito prosesa yake ilisoma nyuzi 88. Tulipoifungua tulikuta vumbi limeshonana kwenye mapezi kama zulia. Tukalisafisha kwa brashi kavu, tukapaka krimu mpya, tukaisogeza kutoka ukutani. Ikasoma 73. Ndipo tukafunga feni ya nyuma, ikasoma 68. Umeona? Usafi ulifanya kazi kubwa kuliko feni, na haukugharimu chochote isipokuwa krimu kidogo.

Tahadhari nazo ni hizi. Zima mashine na uchomoe waya wa stima. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, umeme tuli ukutoke. Zuia mabawa ya feni kwa kidole unapopuliza vumbi. Usikifungue kamwe kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, kwani huhifadhi umeme hata kikiwa kimechomolewa. Feni hizi hutumia volti 12. Soma kitabu cha mashine ujue soketi ya feni hubeba ampia ngapi kabla ya kuunganisha feni mbili mahali pamoja. Na jambo lolote lifanywe mwalimu akiwepo.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na kwa viranja ni dogo. Kila mwanzo wa muhula tutengewe siku moja ya kupangusa vumbi, na meza zisogezwe kidogo kutoka ukutani. Feni zitanunuliwa pole pole, tukianza na mashine wanazotumia watahiniwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nawe mwenzangu unayesoma haya, hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache. Upepo ni dawa, lakini kinga ni bora kuliko tiba.