Modemu na kanuni za simu: Tarakimu nne zilizofika Mahakama ya Juu

Mfanyabiashara anayeagiza kifaa kutoka nje hupiga hesabu ya bei, nauli ya meli na ushuru, kisha akaridhika kwamba gharama zote amezijua. Yaliyowapata watumiaji wa modemu nchini New Zealand katika miaka ya 1990 yanaonyesha kuwa ipo gharama nyingine, nayo hukaa ndani ya masharti ya mwenye mtandao.

Modemu ni kifaa kinachogeuza habari za kompyuta kuwa sauti ili zipite katika waya wa simu, kisha kuzirudisha katika hali yake upande wa pili. Kwa watu wengi wa wakati huo ndiyo iliyokuwa njia ya kufikia intaneti. Lakini kila nchi ilikuwa na kanuni zake za simu, na modemu iliyotegenezwa kwa soko moja haikufaa kuchomekwa tu katika soko jingine.

Huko New Zealand kanuni hizo ziliwekwa na kampuni ya simu yenyewe, Telecom. Kampuni hiyo ilitenganishwa na posta mwaka 1987, na mwaka 1990 ikauzwa kwa kampuni mbili za Marekani, Ameritech na Bell Atlantic, kwa dola za New Zealand bilioni 4.25. Ndiyo iliyotoa kibali kilichoitwa Telepermit. Kibali hicho kilimaanisha jambo moja tu, kwamba kifaa kimetimiza masharti ya chini ya kuunganishwa na mtandao wake. Hakikuwa dhamana ya ubora.

MODEMU NGENI

Kikwazo cha kwanza kilikuwa namna ya kupiga nambari. Simu za zamani za kuzungusha zilituma mapigo ya umeme, na katika nchi nyingi tarakimu 1 ilikuwa pigo moja na 9 mapigo tisa. New Zealand ilikwenda kinyume: 1 ilikuwa mapigo tisa, 2 mapigo manane, hadi 9 iliyokuwa pigo moja. Ni 5 na 0 tu zilizolingana na za nchi nyingine.

Modemu iliyotoka Marekani, ikiachwa ipige kwa mapigo, ingekosea karibu kila nambari. Mbaya zaidi, nambari iliyoanza na 999 ingesomwa kuwa 111, ambayo ndiyo nambari ya dharura ya kuita polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Dawa yake ilikuwa kuamuru modemu ipige kwa milio, yaani kuandika ATDT mahali pa ATDP.

Kikwazo cha pili kilikuwa kurudia simu. Modemu inapokuta laini imeshikwa inaweza kupiga tena na tena bila kuchoka. Masharti ya Telecom yalitaka isizidi majaribio 10 kwa nambari ile ile ndani ya dakika 30, na ikate laini kwa sekunde zisizopungua 30 kabla ya kujaribu tena. Modemu iliyopokea simu yenyewe ilitakiwa kujibu kati ya sekunde 3 na 30 tangu simu ilipoanza kuita.

Baadhi ya modemu za baadaye zilirahisisha kazi hiyo kwa amri moja ya kuchagua nchi. Kwa New Zealand amri hiyo ilikuwa AT+GCI=7E.

SENTI MBILI KWA DAKIKA

Hadi hapo masharti yalihusu usalama wa mtandao. Mwaka 1999 likaja jambo la fedha.

Serikali ilipoiuza Telecom ilibaki na hisa moja maalumu, iliyojulikana kama Kiwi Share, ili kuhakikisha kwamba wateja wa nyumbani wanaendelea kupata simu za mtaani bila malipo ya dakika. Kwa hiyo mteja aliweza kukaa kwenye intaneti saa nyingi kwa gharama ile ile ya laini.

Wakati huo mshindani, kampuni ya Clear, alikuwa na mkataba wa maingiliano na Telecom. Simu inapotoka mtandao mmoja na kuishia mwingine, wa kwanza humlipa wa pili kwa kila dakika. Watoa huduma za intaneti walipohamia Clear, simu za modemu zilizodumu saa nzima zilielekea upande mmoja, na malipo yakafuata njia hiyo hiyo. Telecom ikawa inalipa kwa simu ambazo wateja wake wenyewe hawakuzilipia.

Jibu la Telecom lilikuwa tarakimu nne: 0867. Mteja aliyeweka katika kompyuta yake nambari mpya ya mtoa huduma iliyoanza na tarakimu hizo hakutozwa kitu, na simu hiyo haikuingia katika malipo ya maingiliano. Aliyebaki na nambari ya zamani alipewa saa 10 kwa mwezi, kisha akatozwa senti 2 kwa dakika.

Chukua mteja aliyetumia saa mbili kila siku. Kwa siku 30 hizo ni saa 60. Ukitoa 10 zinabaki 50, yaani dakika 3,000. Bili yake iliongezeka kwa dola 60, kwa sababu tu hakubadilisha mpangilio wa modemu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

UAMUZI

Mwaka 2000 Tume ya Biashara ya New Zealand iliishitaki Telecom kwa madai ya kutumia vibaya nguvu zake sokoni, chini ya kifungu cha 36 cha Sheria ya Biashara ya mwaka 1986. Tume ilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2008, ikashindwa tena katika rufaa, na Septemba 2010 Mahakama ya Juu ikafunga shauri hilo. Majaji waliuliza kama kampuni isiyo na nguvu hizo, ikiwa katika hali ile ile, ingefanya vivyo hivyo. Waliona kwamba ingefanya.

Shauri lilichukua miaka kumi. Lilipomalizika, modemu nyingi zilikuwa zimeshawekwa kabatini.

Kwa mwekezaji mdogo, funzo liko katika ada ya maingiliano, ambayo nchini Tanzania kiwango chake hupangwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Anayetaka kununua hisa za kampuni ya simu na aangalie kwanza dakika zinaelekea wapi, nani anamlipa nani, na nani ana uwezo wa kubadilisha kiwango. Kwa mfanyabiashara wa vifaa, swali la kuuliza kabla ya kufungua oda ni la wazi zaidi: masharti ya mtandao huu yameandikwa na nani, na akiyabadilisha kesho, bili itamfikia nani?